Butembo na Beni: ordinateri ya zamani, ubao mpya, na hesabu ya mwalimu mmoja

Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, kampuni ya Microsoft ilifunga msaada wa kawaida kwa Windows 10. Habari hiyo ilifika Butembo na Beni kimya kimya, katikati ya habari nzito za vita na za barabara. Lakini inagusa watu wengi, kwa sababu ordinateri nyingi za miji hii miwili zilikwisha kufanya kazi ng'ambo kwa miaka kabla ya kupita mpaka wa Kasindi. Windows 11 haizitaki. Kwa zile za Intel, inadai chipu ya kizazi cha 8 au zaidi, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017.

Mwalimu mmoja wa sekondari mjini Beni anayo ya namna hiyo: ThinkPad X201, ya mwaka 2010. Rangi imepauka na kona moja imefungwa kwa gundi, lakini vitufe vyake bado ni vizuri kuliko vya ordinateri nyingi za sasa. Ndani yake kuna maswali ya mtihani wa serikali aliyokusanya mwaka baada ya mwaka, pointi za wanafunzi, na masomo aliyoandika upya baada ya kukimbia mtaa wake usiku na kuacha madaftari yote nyumbani. Siku moja aliichomeka kwenye moto wa jenereta ya jirani, ikazimika na haikuwaka tena. Fundi wa karibu aliigusa kidogo tu, akasema ubao mama umekufa, ule ambao mafundi huuita kwa Kifaransa carte mère. Akashauri auze mabaki.

Ni mwanafunzi wake wa zamani, anayesoma mambo ya kompyuta chuo kikuu, aliyemwambia kwamba kuna njia nyingine. Nchini China, wapenzi wa ThinkPad wanaojulikana kwa jina la 51nb wamekuwa wakitengeneza mbao mama mpya zenye umbo la zile za zamani. Mmoja wa mbao hizo unaitwa X210. Unaingia ndani ya mwili wa X200 au X201, mashimo ya skurubu mahali pake, lakini chipu yake ni ya kizazi cha 8, na kumbukumbu yake, yaani RAM, inaweza kufika gigabaiti 32. Kabla ya huo walitoa X62, kwa ajili ya X60 na X61, ordinateri za miaka ya 2006 na 2007. Lenovo haihusiki na kazi hiyo. Ni watu waliopenda mashine fulani, wakakataa kuiacha, wakapima kila tundu na kila skurubu, wakachora ubao upya.

Mwalimu aliposikia hayo hakulala vizuri. Pesa ilikuwapo. Ilikuwa ya minervali ya binti yake, na ubao kama huo unaomba mamia ya dola kabla ya kuhesabu usafiri. Alijiambia kwamba ordinateri yenye nguvu ingemletea kazi ya kuchapa vitabu vya kumaliza masomo vya wanafunzi, na pesa ya binti ingerudi kabla ya mwisho wa mwaka. Akaiweka mashine katika mfuko, akapanda gari, kilomita 54 za barabara ya kitaifa namba 2, hadi kwa fundi mmoja wa Butembo mwenye sifa ya kutosema haraka.

"Papa mwalimu, nani alikwambia imekufa?" fundi aliuliza.

"Fundi wa kwetu."

"Aliipima?"

Mwalimu alinyamaza. Fundi akaifungua.

Kwanza alitoa diski na kuichomeka kwenye ordinateri yake mwenyewe. Maswali, pointi na masomo, vyote vilikuwapo. Wengi hawajui kwamba, katika mashine za umri huu, diski na ubao mama ni vitu viwili tofauti. Ubao ukiungua, kazi ya mtu kwa kawaida bado iko salama. Mtu anayeuza mabaki bila kutoa diski ameuza na siri zake, na majina ya wanafunzi wake.

Kisha alizungumza juu ya ubao wa China bila kuudharau. Ni kitu kizuri, alisema, lakini hauji peke yake. Skrini ya X201 inapokea ishara za aina ya zamani ambazo chipu za kizazi cha 8 hazitoi tena, kwa hiyo lazima kutafuta kigeuzi au skrini nyingine. RAM ya zamani ni DDR3, mpya inataka DDR4. Zaidi ya hayo, ubao kama huo hutengenezwa kwa makundi madogo. Ukifika na kasoro, kuurudisha kutoka Butembo hadi China ni safari ambayo hakuna mteja anayeimaliza. Na ukiungua mwaka ujao kwa moto ule ule wa jenereta, hakuna mwenzake sokoni wa kuukata vipande. Ubao wa X201 ukiharibika, fundi anaweza kupata mwingine wa mtumba Kampala, au kuchuna kutoka kwenye mzoga ulio chini ya meza yake.

Baada ya hapo akapima. Njia kuu ya volti 20, inayoingia kutoka kwenye chaja, ilikuwa imegusana na ardhi ya ubao: kipimio kilionyesha karibu sufuri. Fundi alitia umeme mdogo sana kwenye njia hiyo, kama volti 1, akapaka alkoholi juu ya sehemu yote, akaangalia. Alkoholi ilikauka kwanza mahali pamoja, juu ya kapasita ndogo kuliko punje ya mchele. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikila umeme wote. Aliitoa, akachuna nyingine kutoka mzogani, akaichomelea kwa bati. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Kapasita moja ndiyo iliyokuwa imehukumiwa kama ubao mzima.

Mwalimu alilipa kazi hiyo, akaongeza diski ya SSD ya kawaida na RAM hadi gigabaiti 8, ambazo ndizo mwisho wa X201. Fundi akamwekea Linux Mint, ambayo ni ya bure na bado inapokea marekebisho ya usalama. Si muujiza. Video nzito bado zinakwama, na programu moja ya shule inayotaka Windows tu atalazimika kuifungulia kwa mwenzake. Lakini minervali ilibaki katika bahasha yake.

Je, mbao za 51nb hazina maana kwa watu wa hapa? Zina maana, ila si ile mwalimu aliyoifikiria. Zinaonyesha kwamba ubao mama si kitu kilichoshuka kutoka mbinguni. Wapenzi tu, wasio na kiwanda chao, waliweza kuuchora na kuagiza utengenezwe. Programu ya kuchorea mbao kama KiCad ni ya bure, na vijana wanaosoma kompyuta UCBC mjini Beni au katika vyuo vya Butembo wanaweza kuanza na ubao mdogo wa kulinda chaja dhidi ya moto wa jenereta unaopanda na kushuka. Kinga hiyo ingeokoa mashine nyingi zaidi ya X210 moja.

Na watu wa Kivu wana haki ya kuujua ubao huo kwa ndani. Bati linaloshika vipande vyake linachimbwa Bisie, Walikale. Tantali ya kapasita nyingi hutoka katika koltani, kama ile ya Rubaya, Masisi, ambako M23 imeshika machimbo tangu 2024. Vitu hivyo hutoka jimboni katika magunia, huzunguka dunia, hutumika ofisini ng'ambo miaka mitano au kumi, halafu hurudi kupitia Kasindi na kuuzwa hapa kwa dola.

Kwa msomaji mwenye ordinateri iliyozimika, ushauri wa mafundi wenye subira ni mfupi. Toa diski kwanza. Mwombe fundi akuonyeshe kipimio kinasema nini kabla hujakubali neno "imekufa." Uliza bei ya kutengeneza, ya ubao wa mtumba, na ya ubao mpya, katika mpangilio huo. Na usichomeke mashine moja kwa moja kwenye jenereta ya jirani, hata kama jirani ni mtu mwema.