Basi la Kwenda Woodstock

Msafiri atokaye London akienda Oxford husafiri kama kilomita 90 upande wa kaskazini-magharibi. Wageni wengi huenda kutazama vyuo vya kale na minara yake. Mimi nilikwenda kutafuta nyayo za watu wa mafumbo.

Nilianza mtaa wa St Aldate's, kwenye nyumba ya zamani iitwayo Old Palace. Hapo Padre Ronald Knox aliwatunza wanafunzi Wakatoliki tangu 1926 hata 1939. Alikuwa mtoto wa askofu wa Kianglikana, akaingia Kanisa Katoliki mwaka 1917. Ndiye aliyefasiri Biblia nzima kwa Kiingereza, naye alitunga pia hadithi za wauaji na wapelelezi! Mwaka 1929 aliwatolea watungaji wenzake amri kumi. Moja yasema msomaji asifichwe alama yo yote aliyoiona mpelelezi. Nduguye Dillwyn alifumbua maandishi ya siri ya Wajerumani wakati wa vita, akafa mwaka 1943 kabla vita haijaisha.

Sasa niwaeleze fumbo la maneno. Ni vile visanduku vyeupe na vyeusi magazetini, kila cheupe herufi moja. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, ndiye aliyelitoa kwanza katika gazeti la New York, tarehe 21 Desemba 1913. Waingereza walipolipokea walilifanya gumu, hata swali likawa halisemi linachosema. Tujaribu kwa Kiswahili: “Mali iliyovurugika ni desturi ya wazee, herufi 4.” Utafikiri ni ugomvi wa urithi. La! Vuruga herufi za “mali”, utapata “mila”. Sisi tuliokua na kitendawili na tega hatushangai sana.

Katika gazeti la Observer watungaji walijiita Torquemada na Ximenes, majina ya wale mahakimu wakali wa kidini wa Hispania. (Mzaha huu tuuvumilie tu.) Ximenes aliwashindanisha wasomaji kutunga maswali yao wenyewe, na mmoja wa mabingwa alikuwa Colin Dexter.

Mtu huyu ndiye niliyemfuata hasa. Alizaliwa Stamford mwaka 1930, akawa mwalimu wa Kilatini na Kigiriki. Kisha masikio yakaanza kumsaliti. Mwalimu asiyesikia watoto wanajibu nini, atafundishaje? Mwaka 1966 aliacha darasa, kazi aliyoisomea, akaja Oxford kufanya kazi katika ofisi ya mitihani. Nadhani wenye kiziwi nyumbani wanajua upweke ulivyo: watu wanacheka mezani, naye anatazama midomo. Lakini fumbo la maneno halina sauti. Juu ya karatasi Dexter alikuwa sawa na mtu ye yote, tena aliwashinda wengi.

Mwaka 1972, akiwa likizoni Wales pamoja na jamaa yake, mvua ikinyesha bila kukoma, alianza kuandika hadithi. Ilitoka mwaka 1975. Yaanza kwa wasichana wawili wanaongoja basi la kwenda Woodstock. Baadaye mmoja aonekana ameuawa. Mpelelezi alimwita Morse, jina la Sir Jeremy Morse, mkuu wa benki aliyeshindana naye katika mafumbo. Msaidizi alimwita Lewis, jina alilotumia mama mmoja katika mashindano yale yale. Hivyo wapinzani wake wa gazetini, aliowajua kwa kalamu, aliwapa makao katika vitabu 13. Jina la kwanza la Morse aliwaficha wasomaji hadi mwaka 1996.

Dexter alifariki mjini Oxford tarehe 21 Machi 2017. Wa kusimuliwa naye sikumpata, basi nikapanda basi la Woodstock. Ni kama kilomita 13. Linapita Summertown, halafu yaja mashamba na ua za miti. Woodstock ni mji mdogo wa mawe ya rangi ya asali, na karibu yake lipo jumba la Blenheim, alikozaliwa Winston Churchill mwaka 1874.

Mbele yangu aliketi mzee mwenye kidude cha kusikilizia sikioni, gazeti limekunjwa juu ya goti, penseli mkononi. Kondoo, mvua, vituo, hakuona hata kimoja. Tulipofika alikuwa amebakiza visanduku vitano. Akashuka, akasimama pale pale kando ya njia, akaendelea kuandika.