Safari ya Oman na watoto: Kiongozi akisema turudi, mnarudi

Familia nyingi za Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa zina ndugu Oman. Wanaojaliwa kwenda kuwatembelea mara nyingi huishia Muscat: soko la Mutrah, msikiti mkuu, maduka makubwa, kisha uwanja wa ndege. Watoto hurudi na viatu vipya, lakini nchi yenyewe hawajaiona.

Saa chache kwa gari kutoka mjini, upande wa mashariki unaoitwa Sharqiya, jangwa linashuka mpaka baharini. Huko familia hutembea kwa miguu kwenye makorongo, huendesha baiskeli mchangani na kulala kambini, zikiongozwa na wenyeji.

Ni safari ambayo mtoto wa miaka kumi na kuendelea ataikumbuka ukubwani. Pia ni safari inayoweza kuua. Usalama wake unategemea zaidi kiongozi, na mzazi aliye tayari kumsikiliza.

Tazama kalenda kwanza

Shule za Tanzania hufunga Juni na Desemba. Kwa safari hii, likizo hizo mbili hazilingani hata kidogo.

Desemba hali ya hewa ni nzuri: mchana jua la kuvumilika, usiku jangwani baridi ya kutaka sweta. Juni joto hupita nyuzi 40. Juni 2018, mji wa Quriyat ulio pwani, njiani kuelekea Sur, ulimaliza saa 24 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Hata usiku haukuleta nafuu.

Mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima, na akiwa mchezoni husahau kunywa maji. Kwa hiyo kama nafasi iliyopo ni ya Juni, familia ibaki mjini na ndugu. Jangwa lingoje Desemba.

Korongo lenye maji

Kati ya Muscat na Sur liko Wadi Shab. Wadi ni korongo la mto ambalo mara nyingi huwa kavu au lina maji kidogo. Hapa wageni huvushwa kwa boti ndogo, kisha hutembea kama dakika 45 kati ya kuta ndefu za mawe, wakipita mitende na mifereji ya kumwagilia mashamba. Mwisho wa njia kuna madimbwi ya maji ya kijani. Anayejua kuogelea huendelea hadi kwenye upenyo mwembamba wa kupitisha kichwa tu, na ndani kuna pango lenye maporomoko. Mtoto asiyejua kuogelea huishia madimbwi ya mwanzo na mtu mzima pembeni yake, na viatu vyake viwe vya kushika mawe yanayoteleza.

Hatari ya korongo haionekani kwa macho. Mvua inaweza kunyesha milimani, mbali, wakati juu ya vichwa vya wageni anga ni jeupe. Ardhi ni mwamba na mawe, haifyonzi maji, hivyo yote hukimbilia korongoni na kufika kwa ghafla. Aprili 2024, mafuriko ya namna hii yaliua watoto wa shule waliokuwa kwenye gari katika eneo la Samad al-Shan, huko huko Sharqiya. Hawakuwa wageni wasioijua nchi. Walikuwa watoto wa hapo.

Ndiyo maana kiongozi mzuri huangalia utabiri wa milimani, si wa hotelini, na anaweza kufuta matembezi asubuhi yenye jua zuri.

Baiskeli mchangani

Jangwa la Sharqiya, ambalo wengi bado huliita Wahiba, lina urefu wa kilomita 180 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, na upana wa kama 80. Vilima vyake vya mchanga hufika mita 100. Wageni wengi huingilia Bidiyah, na wanaowapokea kambini mara nyingi ni Mabedui, watu wa jangwa hilo kwa vizazi.

Baiskeli ya kawaida huzama. Zinazotumika zina matairi manene, na kiongozi hupunguza upepo ili tairi litanuke na kushika mchanga. Safari huanza alfajiri, kabla jua halijapanda, na gari la maji na vifaa hufuata nyuma. Mtoto apewe maji kidogo kidogo kila baada ya dakika 15 au 20, asingoje kiu. Akilalamika kichwa kinauma, akinyamaza ghafla, au akikojoa mkojo mzito wa rangi ya chai, baiskeli inapakiwa garini na siku yake imeishia hapo.

Jambo la kumwambia mtoto kabla ya kutoka kambini ni moja: usipite kilima ambacho kiongozi hajakipita. Upande wa pili unaweza kuwa mteremko mkali, na nyayo hufutwa na upepo muda si mrefu. Sehemu kubwa ya jangwa simu haishiki mtandao.

Usiku wa kasa

Kutoka jangwani, familia humalizia pwani. Sur ni mji wa mabaharia, uliosafiri na kufanya biashara na Zanzibar kwa karne nyingi. Bado yanaundwa majahazi pale, na Fath al-Khair, jahazi lililoundwa mwaka 1951, limehifadhiwa mjini. Si ajabu kumkuta mzee anayeuliza habari za Unguja kwa Kiswahili.

Mbele kidogo ni Ras al-Jinz, hifadhi tangu 1996, ambako kasa wa kijani hupanda ufukweni kutaga. Ni aina ile ile inayotaga Mafia na Watamu. Wageni huenda usiku kwa makundi, pamoja na kiongozi wa hifadhi. Tochi na taa za kamera haziruhusiwi, maana mwanga humfanya kasa arudi baharini bila kutaga, na huwapoteza vifaranga wanaotafuta njia ya majini. Kasa hupanda mwaka mzima, lakini wengi huja miezi ya joto. Mtoto wa Desemba aambiwe mapema kwamba anaweza asione hata mmoja.

Swali la kumuuliza kiongozi

Kabla ya kulipa, mzazi huuliza bei, chakula na mahali pa kulala. Aongeze haya: Kikundi kina watu wangapi? Nani anajua huduma ya kwanza? Kuna simu ya setilaiti? Hospitali ya karibu iko wapi? Kisha aulize lililo kubwa: mara ya mwisho uliwarudisha wageni lini, na kwa nini?

Anayejibu kwamba hajawahi kumrudisha mtu hafai kupewa mtoto. Anayesimulia siku aliyofuta safari na wageni wakamkasirikia ndiye wa kuajiri.

Siku hiyo ikifika kwa familia yenyewe, itauma. Fedha imelipwa, watoto wamevaa tayari, na anga halina wingu. Mzazi akianza kubishana, watoto wanasikia, na siku nyingine jangwani watabishana wao. Akisema tu, "Haya, tunarudi," nalo watalisikia. Korongo litakuwepo hata mwakani.