Ulimi Hausomi Bei

Wahenga walinena kuwa rahisi ni ghali. Kauli hii humwandama mnunuzi anyooshapo mkono kuichukua chupa ya bei ya chini kabisa. Hata hivyo, mvinyo mwekundu wa Rioja, kaskazini mwa Uhispania, humdai mwonjaji aonje kwanza ndipo ahukumu.

Zabibu inayotawala Rioja ni Tempranillo, jina litokanalo na neno la Kihispania temprano, yaani mapema, kwa kuwa huiva kabla ya nyingi nyinginezo. Kanuni za huko huuainisha mvinyo kwa umri. Crianza hutunzwa kwa muda usiopungua miaka 2, angalau mwaka 1 ukiwa ndani ya pipa la mwaloni. Gran Reserva hungoja miaka 5, angalau 2 kati yake ikiwa pipani. Mvinyo mchanga, uitwao joven, aghalabu haulioni pipa kabisa. Maadamu pipa la lita 225 lina gharama, na kungoja nako kuna gharama, bei ndogo ya mvinyo huo mara nyingi huashiria muda mfupi wala si kasoro.

Mwonjaji huanza kwa jicho. Wekundu unaoelekea zambarau kwenye ukingo wa bilauri ni dalili ya uchanga. Mvinyo mkongwe huelekea rangi ya tofali. Kisha huutikisa polepole, akanusa, akapiga funda dogo. Uchachu huyachokoza mate. Mara ufizi hukauka, ulimi ukawa kama uliopigwa msasa. Hali hii huletwa na tanini iliyomo katika maganda na mbegu za zabibu, na hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili asipostahili kubabaika akitafuta istilahi ya kukopa. Huo ni ukakasi. Aliyewahi kung'ata ndizi mbichi au bibo la mkorosho anaufahamu fika. Aidha, mwaloni wa Marekani, uliotumiwa sana Rioja, huuachia mvinyo harufu ya vanila na ya nazi. Je, nani ataelezwa nazi hunukiaje Lamu au Malindi?

Neno mvinyo lenyewe lilitokana na vinho ya Wareno, majirani wa Wahispania. Kiswahili kilikopa jina la kinywaji, ilhali uchachu, uchungu na ukakasi kilikuwa nao tayari. Anayedai kuwa lugha hii haina msamiati wa kuhakiki mvinyo hajaumaliza utafiti wake jikoni na shambani.

Hukumu ya mwisho hutolewa baada ya kumeza. Ladha ikidumu kinywani, na uchachu, ukakasi na harufu ya tunda visigombane, mvinyo huo ni mwema hata ukiwa wa bei ya chini. Ikitoweka papo hapo, bei kubwa haiwezi kuirejesha. Rahisi huwa ghali kwa yule aliyeisoma bei akasahau kuonja.