Staa Alitaka "Nemo" Ndani ya Siku Tisa, Mimi Nikamwambia Tuanze na Mawe

Leo niongelee kitu mnachokiona sana kwenye video za mastaa: tangi la samaki wa maji ya bahari. Kazi yangu ndiyo hiyo, kufunga matangi majumbani kwa watu hapa Dar. Wengi wanadhani ni maji, chumvi na samaki, basi. Kumbe kinachoamua kama samaki wataishi ni mawe.

Juzi kati nilipigiwa simu na msanii mmoja wa kike mwenye jina kubwa mjini (jina kapuni, msinilazimishe). Kahamia mjengo mpya, anataka tangi la lita 300 sebuleni na "Nemo" wawili kwa ajili ya mwanawe anayetimiza miaka saba. Bethdei ni baada ya siku tisa. Hela ipo. Nikamwambia, dada, tatizo ni siku.

Iko hivi. Uchafu wa samaki unatoa amonia, na amonia ni sumu kwake. Baharini kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza nitreti, ambayo samaki anaivumilia ikiwa kidogo. Kwenye tangi jipya bakteria hao hawatoshi. Wanahitaji pa kukaa, na jiwe lenye matundu mengi ndiyo nyumba yao. Jiwe ambalo tayari limejaa bakteria na vijidudu tunaliita jiwe hai. Kusubiri waongezeke mpaka watoshe mara nyingi ni wiki nne hadi sita.

Dereva wake akadakia, "Mawe si yamejaa Mbudya? Kuna dogo wa boti atatuvunjia kesho tu."

Hapo nikagoma. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, huvunji jiwe pale ukaondoka nalo. Hata nje ya nchi mambo ni yale yale: matumbawe magumu yako kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, hayavuki mpaka bila kibali. Halafu matumbawe mengi ya mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Unavunja kwa dakika mbili kitu chenye umri wa bibi yako.

Na wala siyo njia ya mkato. Jiwe likitolewa baharini, viumbe wengi waliolishikilia wanakufa, wanaoza, na amonia inapanda maradufu. Utasubiri vile vile, tena na harufu juu.

Kwa hiyo ukitaka kuchagua mawe, shika haya. Liwe jepesi kuliko linavyoonekana, maana wepesi ni dalili ya matundu. Linuse: harufu ya bahari sawa, ya yai viza achana nalo. Likague kama lina viua vidogo vya kahawia vyenye minyiri, vikiingia vinazaana tangi zima. Na muulize muuzaji limetoka wapi. Akianza kung'ata maneno, ondoka.

Mimi nilimpangia kilo 25 za mawe makavu, pamoja na mawili hai kutoka tangi langu la nyumbani lenye miaka sita, yawe mbegu. Akaniangalia. "Kaka, yaani niite watu waje kuangalia mawe?" Akasema atatafuta fundi mwingine. Nikamrudishia kianzio chake chote, na kodi yangu ya nyumba ilikuwa inadaiwa wiki hiyo. Iliniuma, sitaki kudanganya.

Siku ya tatu simu ikaita, mama yake mzazi. Amekulia Kilwa. "Mwanangu, sisi tuliyachoma matumbawe tupate chokaa ya kujengea. Leo wavuvi wetu wanawafuata samaki mbali. Njoo ufunge mawe yako, huyu nimeshaongea naye."

Nikafunga. Nyuzi joto 25, chumvi 1.025, na kipande cha kamba mbichi kioze kuwalisha bakteria. Bethdei ikapita na tangi la mawe. Lakini usiku yule mtoto alimulika kwa tochi, akaona konokono mdogo kama punje ya mchele akitambaa kutoka kwenye jiwe langu. Tangu hapo kila usiku anahesabu viumbe, na bibi yake anatumwa kuniuliza majina yao.

Wiki ya sita vipimo vya amonia na nitraiti vikasoma sifuri. Ndipo "Nemo" wawili wakaingia, na mpaka leo wanadunda.

Staa wetu? Hajaposti hata picha moja, na nikimsalimia ananijibu kwa kifupi. Poa tu.

Haya wadau, ungekuwa wewe kodi inadaiwa na boti ya Mbudya inakusubiri, ungefanyaje? Semeni ukweli, ila msinirushie mawe.