Pilipili ya Mama

Msomaji, yumkini nawe umepata kunyweshwa uji wa pilipili ulipougua tumbo. Mimi nilimwona mdogo wangu akinyweshwa, siku aliyoshikwa na kipindupindu. Mama alitwanga pilipili kichaa, akasema, "Tumbo hili lina mdudu, na auawe." Ilipofika adhuhuri macho ya mtoto yalikuwa yamedidimia, na ngozi ya mkono wake, ukiifinya, haikurudi upesi mahali pake. Baba alimpakia baiskelini akamkimbiza zahanati. Huko alitiliwa maji mshipani, kisha akanyweshwa maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, usiku kucha. Akapona.

Tangu siku hiyo niliidharau pilipili ya mama, na nilimwambia hivyo mbele ya wageni. Jambo ninalolionea haya mpaka leo.

Vijidudu vya kipindupindu havitafuni mwili. Madhara yake yamo katika sumu vinayoitoa, ambayo Sambhu Nath De alithibitisha kuwapo kwake huko Calcutta, India, mwaka 1959. Sumu hiyo hujishikiza katika ukuta wa utumbo, ikazilazimisha chembe zake kumwaga maji pasipo kiasi. Mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Mwaka 2010 wataalamu nchini Japani walichapisha habari za kapsaisini, kitu kile kiipacho pilipili ukali wake. Katika vyombo vya maabara kapsaisini haikuviua vijidudu. Viliendelea kuishi, ila sumu viliyoitoa ilipungua sana. Nyoka alibaki hai, bali meno yake yalikuwa makavu. Kwangu mimi hilo lapendeza kuliko kuua, kwa sababu dawa iuayo huviacha vile vichache vilivyo sugu, navyo huzaana vikajaza nafasi ya vilivyokufa.

Je, mama alipata au alikosa? Usiharakishe kujibu. Chombo cha maabara si tumbo la mtoto. Tena, asubuhi ile sumu ilikuwa imekwisha kuushika utumbo, na kilichokuwa kikimwua mdogo wangu ni kukaukiwa maji. Saa tulizozitumia kutwanga tungalizitumia kumnywesha.

Nilimpelekea mama habari hizi akiwa mkongwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama hao wa Japani waliitwanga mbichi au kavu.