Usukani ukitetemeka, pima kwanza ndipo ununue

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, mabasi ya mwendokasi yanashusha abiria kituo cha Gerezani, Kariakoo. Wanaofuata nguo na vyombo wanakata kuelekea mtaa wa Kongo. Wenye shida za magari wanageukia Gerezani na Shaurimoyo, ambako harufu ya oili inachanganyika na ya vitumbua, na wasukuma mikokoteni wanapiga kelele za "pisha, pisha!" kabla hujajua pa kupita.

Katika kundi hilo wapo mume na mke kutoka Tabata. Mume ameshika karatasi yenye orodha: shokapu ya usukani, shokapu nne, tairodi, matairi mawili. Mke, ambaye ni muuguzi wa zahanati, amebeba mkoba na wasiwasi. Likizo ya Juni imekaribia, na familia imepanga kwenda Iringa na watoto wawili.

Wiki moja kabla, wakiwa na watoto njiani kutoka Chalinze, gari lao aina ya Land Cruiser la mwaka 1996 liligonga kishimo karibu na Mlandizi. Usukani ukaanza kutetemeka, kisha ukacheza kwa nguvu kiasi kwamba mikono ya baba haikuweza kuutuliza. Gari lote lilitikisika hadi liliposimama pembeni ya lami. Mtoto mdogo alilia mpaka Kibaha. Njia ya Iringa ina mteremko na kona za Kitonga, na huko pembeni hakuna nafasi ya kusimama kama ile ya Mlandizi.

Gari hilo lilikuwa limenyanyuliwa miezi mitatu nyuma. Kunyanyua gari si ufahari tu. Anayeishi Dar es Salaam na kuona Jangwani ikifurika kila masika, au mwenye wazazi kijijini ambako barabara ni tope, anajua thamani ya gari lililo juu. Fundi mmoja wa mtaani aliweka springi ndefu zaidi, gari likapanda kama sentimita tano, yakafungwa na matairi makubwa ya tope. Baada ya hapo hakuna aliyepima kitu.

"Mgonjwa yuko wapi?"

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Kazi ya kubeba haijaisha. Soko kuu, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, lakini mitaa inayolizunguka haikulala. Spea zipo mpya, zipo za mtumba, na zipo feki zenye maboksi mazuri kuliko halisi. Mwenye fedha na hofu anaweza kumaliza orodha yake kabla ya saa nne.

Mume na mke wanasimama mbele ya duka ambalo shokapu zimening'inizwa mlangoni kama samaki wa kukaushwa. Pembeni, juu ya tairi kuukuu, ameketi fundi mtu mzima na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo mzee," anasema mume, akimpa karatasi.

"Marahaba, mwanangu." Anaisoma taratibu, kisha anairudisha. "Dawa nimeziona. Mgonjwa yuko wapi?"

Gari liko Tabata. Mke anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Baba watoto, si nilikwambia? Hata homa siku hizi hatutoi dawa ya malaria kabla ya kupima."

Ni kweli. Tangu mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani linataka kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Homa ni dalili, na chanzo chake kinaweza kuwa kingine kabisa. Usukani unaotetemeka nao ni dalili. Mume anarudi kulifuata gari, na anaambiwa aendeshe polepole, asipite njia ya mwendo mkali.

Maswali kabla ya spana

Saa tano gari limefika, limeegeshwa kando ya karakana ya bati. Fundi hachukui spana. Anauliza linatetemeka lini.

Jibu la swali hilo ni nusu ya vipimo. Usukani ukitetemeka mwendo wa kilomita 80 hadi 110 kwa saa, kisha ukatulia ukipunguza, mshukiwa wa kwanza ni magurudumu ambayo hayana mizani. Ukitetemeka pale tu unapokanyaga breki, angalia disiki za breki. Ukianza ghafla baada ya kugonga shimo au tuta, ukazidi mpaka gari lisimame, kuna kitu kinacheza mbele, au ekseli imekaa vibaya, au vyote viwili.

Kisha anaanza na vitu vya bei rahisi. Anapima upepo wa matairi yote. Anakaza nati za magurudumu. Anapitisha kiganja juu ya tairi akitafuta uvimbe na sehemu iliyolika kuliko nyingine. Anachungulia ndani ya rimu na kubandua tope lililokauka, kwani tope hilo pekee linatosha kuharibu mizani. Kwenye gurudumu la kushoto anaona alama mbili za gundi ambapo vipande vya uzito vimedondoka.

Anawaonyesha pia namba nne ubavuni mwa tairi. Ikiandikwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Anayenunua tairi la mtumba aisome namba hiyo kabla ya kuangalia meno yake.

Hatua inayofuata inahitaji watu wawili. Injini ikiwa imewashwa na gari limesimama, mume anazungusha usukani kidogo kushoto na kulia, tena na tena. Fundi amelala chini, mkono wake juu ya kila kiungo. Kiungo kizima kinasogea pamoja na chuma chake. Kilichochoka kinabisha kwanza ndipo kinafuata. Tairodi moja inabisha. Bushi ya fimbo inayozuia ekseli isiyumbe kushoto na kulia imelika, na fimbo inaruka kabla ekseli haijasogea.

Anainua gari kwa jeki na kuweka stendi. Anashika tairi juu na chini, analitikisa kupima beringi. Analishika tena kushoto na kulia kupima viungo vya usukani. Beringi ni nzima. Shokapu hazivuji.

Kosa lililofichwa na springi

Lililobaki halionekani kwa macho, na ndilo linaloyahusu magari yaliyonyanyuliwa. Fundi analieleza kwa baiskeli inayopita. Uma wa mbele wa baiskeli umelala kidogo kuelekea nyuma, ndiyo maana kijana anaweza kuachia mikono na gurudumu likanyooka lenyewe. Uma ukisimama wima, gurudumu linaanza kucheza.

Gari nalo lina mlalo huo. Kwenye Land Cruiser ya toleo la 80, ekseli ya mbele ni nzima, imeshikwa na mikono miwili mirefu ya chuma. Springi ndefu zikinyanyua gari, mikono hiyo inashuka na ekseli inazunguka kidogo, mlalo unapungua. Ni nyuzi chache tu, lakini mlalo wenyewe wa kiwandani ni nyuzi chache. Matairi mazito yanaongeza nguvu ya kutikisika, kiungo kilicholegea kinaipa nafasi, na kishimo cha Mlandizi kinaianzisha.

Kwenye kituo cha matairi barabara ya Nyerere, mashine ya alaimenti inathibitisha: mlalo uko chini ya kiwango. Dawa yake ni bushi maalumu ambazo tundu lake haliko katikati, zinazorudisha ekseli mahali pake.

Shokapu ya usukani, iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha, haihitajiki. "Hiyo ni kama panado," anasema fundi. "Ingetuliza mwezi mmoja, ugonjwa ukaendelea chini kwa chini."

Mpaka jioni vimenunuliwa tairodi, bushi ya fimbo na bushi za mikono. Magurudumu yote manne yamewekwa mizani. Nati za bushi za mpira zinakazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa uzito wake, ili mpira usikae umejipinda.

Kabla hawajaondoka, mke anauliza swali ambalo mume hakuliuliza: likitokea tena na watoto wamo ndani, afanye nini?

"Mwambie asikanyage breki ghafla," anasema fundi. "Ashike usukani kwa mikono miwili bila kushindana nao, aachie mafuta, mwendo upungue taratibu, awashe indiketa, atoke barabarani. Na watoto wafunge mikanda, safari zote. Gari lililo juu linapinduka kirahisi kuliko lililo chini."

Kesho yake, kabla ya msongamano, wanaliendesha hadi Chalinze na kurudi, wawili tu. Watoto wamebaki kwa bibi yao. Karibu na Mlandizi mume anapunguza mwendo na kukipita kile kishimo. Usukani unagutuka mara moja na kunyooka. Mke anaachia mshikio wa mlango.

Karatasi ya orodha bado iko kwenye droo ya gari. Nyuma yake fundi ameandika kwa kalamu ya risasi: baada ya kilomita 500, rudi tukaze nati. Wamekubaliana kuzimaliza kilomita hizo hapa hapa mjini, ndipo waanze safari ya Iringa.