Sekunde Mbili

Kabla niache chuo, mwaka wa pili, tulifundishwa kuhusu mashine ya kupima ngozi. Kibomba chenye tundu la milimita 2 kinaifyonza ngozi kwa hewa, kinaiachilia, kisha kompyuta inahesabu imeinuka kiasi gani na imerudi kwa kasi gani. Nilicheka. Nyanya alikuwa mhudumu wa afya kijijini, na yeye alitumia vidole viwili tu: mtoto akiendesha, anamfinya ngozi ya tumbo. Ikipita sekunde 2 kabla irudi, mbio hospitali.

Juzi zamu ikawa yangu. Nyanya alikataa chai siku nzima. Nikamfinya mkono, ngozi ikasimama kama hema. Moja, mbili, tatu, nne... bado. Nikaita boda nikitetemeka.

Muuguzi hata hakuugusa ule mkono. "Ngozi ya mzee imechakaa, itasimama hivyo hata akinywa debe zima." Akaangalia ulimi, akaniuliza amekojoa lini. Sikujua. Na mezani ninapoandikia ni kama mita tatu hivi kutoka kitanda chake.

"Asubuhi," Nyanya akajibu mwenyewe. "Sasa wewe, wacha kunifinya."